Kuku wa Kopo, Mifupa ya Kuazima

Jumatatu, 3 Machi

Siku njema. Naandika hivyo kwanza nisije nikasahau, maana siku njema hazinitembelei mara kwa mara.

Asubuhi rafu ya juu ghalani imeporomoka. Sikuigusa. Nilikuwa nimeiegemea tu. Masanduku yakamwagika, makopo yakabonyea, Msimamizi akafoka mpaka miwani ikamtoka. Mwisho akasema vilivyobonyea haviuziki, tugawane tuondoke navyo asivione tena. Bwana Pasi akawahi sabuni. Huyu ni karani wa ghala na jirani yangu wa mlango wa pili, na anaitwa Bwana Pasi kwa sababu hata soksi zake hupigwa pasi. Sabuni ya nini kwa mtu kama huyo? Mimi nikaambulia sanduku zima la kuku wa kopo, lililokuwa limekosa mwenyewe.

Nimekula kopo moja kwa kijiko, wima. Nyama laini, yenye chumvi, isiyo na habari zaidi.

Jioni nikapita kwa Fundi. Hapa niseme ukweli, kwa kuwa daftari hili halisomwi na mtu: nampenda Fundi. Nampenda mpaka nimempelekea suruali zangu karibu zote azipunguze, na sasa ninazovaa hazifiki kwenye kifundo cha mguu. Duka lake la cherehani liko hapa hapa kwetu, kando ya lango. Kila nikimsalimu huondoa pini mdomoni ndipo anijibu. Wengine huwajibu pini zikiwa mdomoni. Nimechunguza.

Leo akaniambia Shangazi yake anakuja Jumapili. Ndiye aliyemlea, na neno lake ni mhuri. Wachumba watatu amewakataa, mmoja kwa kosa la kuuliza chumvi iko wapi ndani ya nyumba yake mwenyewe. Shangazi anashikilia kwamba mwanamume asiyeweza kujipikia hatafuti mke, anatafuta mpishi. Kisha Fundi akasema, macho yakiwa kwenye uzi, kwamba Bwana Pasi ameshamwambia yeye hupika maharage.

Maharage! Damu ikanichemka. Akili haijafika, ulimi ulikwisha kwenda. Nikasema mimi hupika kuku. Tena wa kienyeji. Tena niliyemfuga mwenyewe. Fundi akauliza namfugia wapi, maana naishi chumba kimoja chenye dirisha moja. Nikaonyesha kwa mkono upande wa uani, ambako kuku wa Mama Mwenye Nyumba walikuwa wakichakura. Sikusema ni wangu. Nilionyesha tu.

Akacheka, akasema basi Jumapili mchana watakula kwangu, yeye na Shangazi. Nikasema karibuni sana.

Sijapika kuku tangu nizaliwe. Hata yai hunishinda.

Jumanne, 4 Machi

Jaribio la kwanza. Kifungua kopo sina, nikatumia bisibisi. Kidole kimefungwa kitambaa. Ukuta una maji ya kuku.

Nikajiambia kuku ni kuku, lazima achemke mpaka aive. Nikamtia sufuriani na vitunguu, maji na chumvi ya kutosha, nikafunika, nikajilaza kidogo. Nilipofunua, kuku hakuwepo. Zilikuwepo nyuzi nyuzi zikielea ndani ya maji meupe, na chumvi ya kutosha kukausha ng'ombe mzima.

Bwana Pasi akapita dirishani, akanusa, akauliza kwa upole kama nafua. Nikamjibu ndiyo, nafua. Akasimama pale pale. Ikabidi nivue shati nilifue mbele yake, nisionekane mwongo.

Usiku wote maharage yake yamenukia mpaka kwangu. Anatia kitunguu saumu makusudi, mtu yule.

Alhamisi, 6 Machi

Nimefanya jambo ambalo mtu wa hadhi yangu hulifanya akiwa amekwama kabisa. Nimesoma maandishi ya kwenye kopo. Kumbe kuku ameshapikwa! Kumbe ameshatiwa chumvi! Juzi nilikuwa nampiga marehemu.

Jaribio la pili. Kitunguu nikakikaanga taratibu mpaka kikageuka rangi. Kitunguu saumu, tangawizi. Nyanya mpaka zikalainika zikawa kitu kimoja. Viazi vikaiva kwanza, na kwa kuwa maji ya kopo yana chumvi yake, nikavichemshia viazi humo. Kuku nilimchuja, akaingia mwisho kabisa kama mgeni rasmi, nikamgeuza mara moja kwa huruma asivunjikevunjike, nikafunika, nikazima moto.

Mungu wangu! Nimekula nimekaa chini sakafuni. Nimemaliza sufuria. Kwa muda mzuri hata Bwana Pasi alinitoka akilini. Likanijia wazo kwamba ningeweza tu kumwambia Fundi ni kuku wa kopo. Wazo likakaa kidogo, likaona halikaribishwi, likaondoka lenyewe.

Ndipo nikaona hatari. Mifupa! Kuku wa kienyeji hana budi awe na mifupa, na huyu wangu ni nyama tupu. Shangazi mwenye akili zake atauliza mwenzetu huyu alikuwa akitembeaje.

Mbio kwa Mama Hoteli, barabara ya pili. Nikamwomba mifupa inayobaki kwenye sahani za wateja. Akauliza kama ni ya mbwa. Nikasema ya mbwa. Akauliza mbwa nimempata lini. Juzi. Akauliza anaitwa nani. Hapo sikuwa nimejiandaa, nikasema anaitwa Pasi. Akasema jina zuri, akanijazia mfuko.

Nimeichemsha na ndimu mpaka ikang'aa. Nikaichemsha tena. Mimi si mshenzi.

Jumamosi, 8 Machi

Mpishi wa kawaida angeridhika. Mimi naona mbali. Kuku akichinjwa huacha alama, na kwangu mlangoni ni kweupe, hakujafa hata mende.

Mama Mwenye Nyumba alipotoka kwenda sokoni nikaingia uani, nikajifanya natafuta kifungo. Ana matetea kadhaa na jogoo mmoja mkubwa, mwekundu wa mkia mweusi. Tunamwita Kengele kwa anavyotuamsha. Mama Mwenye Nyumba anampenda jogoo yule kuliko wapangaji wote tukijumlishwa, na hafichi. Wakati huu manyoya yanampukutika hovyo. Nikaokota ya kiganja tele, nikachagua yale mekundu yanayong'aa, nikayatawanya nje ya mlango wangu kwa ustadi. Machache huku, machache kule, moja kwenye kizingiti. Juu yake nikadondosha nyanya ya kopo kidogo. Nikarudi nyuma, nikatazama. Hata mimi nilimsikitikia marehemu.

Bwana Pasi akanikuta uani. Akalalamika kwamba jogoo huyu ataua mtu kwa kukosa usingizi, na kesho ni Jumapili, siku yake pekee ya kulala. Nikamwambia avumilie, viumbe wa Mungu wana kazi zao.

Yakabaki makopo matupu. Pipa langu si salama, maana Shangazi wa namna ile anaweza kufunua pipa la mtu. Nikayafunga kwenye mfuko mweusi nikayasukuma chini kabisa ya pipa la Bwana Pasi. Jirani ni wa kufaana.

Nimelala mapema, nina furaha. Maarifa ni kitu kizuri.

Jumapili, 9 Machi

Nimekaa kitandani. Nianze mwanzo.

Shangazi alifika na Fundi saa ya chakula. Ni mama mfupi mwenye mkoba mkubwa na macho ya mkaguzi wa hesabu. Nikamwamkia shikamoo mara mbili, ya pili ikiwa ya akiba. Nyuma yao nani? Bwana Pasi, na bakuli la maharage kifuani, shati limenyooka mpaka linatisha. Hakualikwa. Akasema amesikia kuna wageni, akaona asaidie. Nikamkaribisha. Meno yangu yalicheka, mimi sikucheka.

Nikapakua wali, nikapakua mchuzi. Nyama nilikuwa nimeisuka kuzunguka mifupa kwa kijiko na kwa vidole, kazi ya asubuhi nzima. Ilipendeza! Shangazi akauliza kuku nimemtoa wapi. Nikasimulia. Nilimlea tangu kifaranga. Alikuwa akinifuata mpaka langoni nikienda kazini. Siku ya kumchinja nililia. Nilipofika hapo machozi yakanitoka kweli kweli, na Fundi akaniwekea mkono begani. Nilitamani chakula kile kisiishe. Hakuna mtu aliyeniwekea mkono begani tangu nihamie mji huu.

Bwana Pasi naye akawa anapanga mifupa kwenye ukingo wa sahani yake, kikarani. Akaomba na ya Fundi. Akatazama ya Shangazi. Kisha akauliza, kwa heshima zote, iweje kuku mmoja awe na miguu mitano na asiwe na bawa hata moja.

Mama Hoteli! Kumbe wateja wake hula mapaja tu.

Nikasema ni kuku wawili na nusu. Akauliza nusu nyingine iko wapi. Nikasema nimeihifadhi. Akaanza kutafuta kwa macho mahali ambapo mtu wa chumba kimoja anaweza kuhifadhi nusu kuku. Shangazi akamkata kauli, akasema mwacheni mpishi, tangu meno yake yaondoke hajala kuku wa kienyeji laini namna hii. Akatia kijiko kingine. Ka! Meno ya bandia yakakutana na mfupa, na mfupa ukashinda. Shangazi akayatoa, yakiwa vipande viwili, akayafunga kwenye leso akayatia mkobani bila neno. Niliona Fundi akifumba macho.

Ningeweza kulimaliza hata hilo. Lakini uani ukapigwa ukunga. Mama Mwenye Nyumba! Kengele haonekani tangu alfajiri! Ndiyo maana tumelala vizuri, nikawaza, na wazo halijaisha alikuwa ameshafika kwangu. Akaona manyoya mekundu. Akaona damu ya nyanya. Akaona sahani mezani. Akashika kichwa kwa mikono miwili, akauliza nani amemla mwanawe.

Wote wakanigeukia. Nikapima haraka. Upande mmoja, mwizi wa kuku. Upande wa pili, mtu aliyefungua kopo kwa bisibisi, akaazima mifupa kwa jina la mbwa asiyekuwepo, akamlilia kifaranga ambaye hajapata kuanguliwa. Mwizi, nikaona, ana heshima yake. Anaweza kuwa ameiba kwa ajili ya mapenzi.

Nikasema nimemchinja mimi.

Mama Mwenye Nyumba akakaa chini palepale juu ya manyoya. Akasema mwisho wa mwezi nitafute pengine pa kuishi. Shangazi akachukua mkoba. Bwana Pasi, jambo la ajabu, aligeuka rangi ya majivu akaondoka na bakuli lake. Fundi alinitazama tu. Nilingoja anitukane. Hakunitukana.

Jumatatu, 10 Machi

Kazini wananiwikia. Nikipita kati ya rafu mmoja anawika huku, mwingine anaitikia kule. Msimamizi amenitoa upande wa mayai.

Ajabu, Bwana Pasi hawiki. Wala hanitazami. Nilifikiri angefurahi mpaka apasue kola.

Jioni ametumwa na Fundi, akanikabidhi suruali yangu ya mwisho iliyokuwa kwake dukani. Haijapunguzwa. Pini zimo bado, kama zilivyokuwa siku aliponipima. Nikaenda dukani mwenyewe, nikamsalimu Fundi. Aliitikia. Pini hakuzitoa mdomoni.

Nimerudi chumbani nikajitupa kitandani na suruali mkononi, nikachomwa na pini, nikalia kidogo. Si kwa sababu ya pini.

Jumanne, 11 Machi

Nimeamua kuomba radhi hadharani. Shangazi anaondoka kesho. Akiondoka na neno lake moyoni, mimi na Fundi basi. Nikafikiria toba ya kutosha lakini isiyopita kiasi. Kupiga magoti, ndiyo. Kujigaragaza, hapana, sina suruali nyingine.

Jioni baada ya kazi wote walikuwa barazani kwa Mama Mwenye Nyumba, Shangazi na Fundi wakimfariji. Nikapiga magoti mbele yao. Nikasema maneno mazuri sana. Nikamsifu Kengele sauti yake, mwendo wake, jinsi alivyokufa kiume bila kupiga kelele. Mama Mwenye Nyumba akaanza kulia upya. Na mimi nikaanza. Tulikuwa tunakwenda vizuri.

Mlango wa Bwana Pasi ukasukumwa kwa ndani, na Kengele akatoka.

Mzima! Mnene kuliko alivyokuwa! Kamba mguuni kama kuku mgeni, na nyuma ya kamba hiyo Bwana Pasi, anaikimbilia kwa magoti, mkono mmoja una maharage. Kengele akaruka juu ya ukuta wa baraza, akawika kulipiza siku zote alizonyamazishwa.

Yote yakamtoka Bwana Pasi palepale. Jumamosi jioni alimchukua amfungie chumbani mwake chini ya kapu lenye blanketi, alale walau Jumapili moja, kisha amrudishe kimya kimya. Kelele zilipoanza akaogopa kusema. Nilipokiri mimi akashangaa, akashukuru Mungu, akanyamaza. Amekuwa akimlisha maharage. Mama Mwenye Nyumba alimkumbatia jogoo kwanza, kisha akampa Bwana Pasi kofi lake, na lilikuwa la kusikika mpaka barabarani.

Nikasimama, nikakung'uta magoti. Mimi si mwizi! Nilimtazama Fundi nikatabasamu tabasamu la mtu aliyeonewa.

Ndipo Shangazi, kwa tabu kwa kuwa hana meno, akauliza swali ambalo mimi na maarifa yangu yote sikuwa nimeliona linakuja. Akauliza: kama jogoo ni huyu, sisi Jumapili tulikula nini?

Mama Mwenye Nyumba akahesabu matetea yake, wote wapo. Akamwita paka. Paka akaja. Watu wakashusha pumzi. Na saa hiyo hiyo, ningejuaje, Mama Hoteli akaingia langoni na mfuko. Akasema amepita tu kumletea mbwa wangu mifupa, na je, Pasi hajambo?

Bwana Pasi akasema yeye hajambo, asante. Mama Hoteli akasema hamuulizii yeye, anamuulizia mbwa. Mama Mwenye Nyumba akasema hapa hapajapata kuwa na mbwa, hawaruhusu. Mama Hoteli akashangaa, akasema mimi nilimpata wiki iliyopita, nikamwomba yeye mwenyewe mifupa. Akauliza mbwa yuko wapi basi.

Nikaona macho yote yakihama. Kutoka kwangu kwenda mlangoni kwangu. Kutoka mlangoni kwenda kwenye sufuria yangu iliyoanikwa dirishani. Shangazi akaweka leso mdomoni. Fundi akashika nguzo ya baraza.

Nikapaza sauti: hakuna mbwa! Hajapata kuwepo! Mama Mwenye Nyumba akasema ndiyo, sasa hayupo. Nikasema ni kuku wa kopo! Hakuna aliyeamini. Akasema Bwana Pasi, na safari hii aliwika kidogo, kwamba kopo halina miguu mitano.

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia kwenye pipa la takataka. Nililipindua lile la Bwana Pasi mbele ya nyumba nzima. Maganda ya vitunguu, maganda ya ndimu, soksi moja, na chini kabisa mfuko mweusi. Nikachana. Makopo yakabingirika barazani. Bwana Pasi akaapa si yake. Nikasema ni yangu! Yote! Na lile lililobonyea zaidi ndilo lililompendeza Shangazi! Sijapata kutetea kitu kwa nguvu hivyo maishani.

Shangazi akaokota kopo, akavaa miwani, akasoma. Akasoma tena. Mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani analia, kumbe anacheka, ufizi mtupu, mpaka akaomba maji. Akasema yeye nyumbani kwake hupika kuku wa kopo kila wiki tangu meno yamtoke. Humtia mwisho, na tangawizi nyingi. Alipoonja tu Jumapili alijua, akajiambia hatimaye amepatikana kijana anayejipikia bila makuu. Kilichomshinda kuelewa ni mifupa. Akasema ningeweka kopo mezani angenipa neno lake kabla sahani haijaisha, na meno yake yangekuwa mdomoni.

Furaha niliyoipata! Nikamgeukia Fundi. Yeye hakuwa anacheka.

Alisema polepole, mbele ya wote. Kopo halimsumbui. Kilichomsumbua ni kwamba niliona afadhali nionekane mwizi, nifukuzwe nyumba, yeye alie siku mbili, kuliko kumwambia nimefungua kopo. Nikamuuliza kama kweli alilia. Akasema hilo si swali. Kisha akasema, "Nakupa Jumapili moja. Pika hicho hicho, makopo mezani, kila mtu ayaone. Ukinidanganya tena, hata kwa chumvi, usinisalimu."

Nimeapa. Nimeapa kwa mikono miwili. Na nilimaanisha, maana nilipokuwa naapa nilimwona akizishika pini alizokuwa nazo mdomoni, akazitoa moja moja akazichomeka kwenye mto wake wa pini.

Jumapili, 16 Machi

Nimeshinda. Kwa ukweli! Nani angeamini.

Makopo niliyapanga katikati ya meza. Nikayafungua mbele yao, na kifungua kopo halisi, zawadi ya Shangazi. Safari hii hakuna mfupa. Nikapika mchuzi ule ule, na nyama iliyobaki nikaiponda na viazi nikaikaanga vidonge vidonge. Shangazi alikula na meno yaliyoungwa kwa gundi. Mama Mwenye Nyumba alikuja, amenirudishia chumba. Hata Bwana Pasi alikula, akasema si haba. Kwake hiyo ni hotuba.

Shangazi amekuja na Mjomba wa Fundi, wa upande wa mama, mtu mkubwa wa umbo na wa sauti, anayetaka kujua kila kitu kinatoka wapi. Amekula sahani tatu. Shangazi akanong'ona, lakini mnong'ono wa kusikika, kwamba neno lake analo, linamngojea Mjomba. Fundi akacheka akainama. Chini ya meza mguu wake ukagusa wangu ukakaa. Nilikuwa na furaha mpaka nikasahau kutafuna.

Baadaye wengine wakahamia barazani, Fundi akatoka kwenda kuchota maji, tukabaki mimi na Mjomba. Mjomba akageuza kopo mkononi. Karatasi yake ilikuwa imetoka kwa maji. Akasema hajapata kula kuku wa kopo mzuri hivi, na aliyemtengeneza lazima ni mtu wa maana sana. Akauliza ni nani.

Ilikuwa kidogo niseme sijui.

Jumatatu, 17 Machi

Mjomba anakuja Jumamosi kuona kiwanda changu.

Si jambo kubwa. Ghalani Jumamosi hapana watu, na ufunguo anao Bwana Pasi, ambaye bado ana deni la jogoo kwangu. Rafu tunazo, makopo tunayo. Nikitembea upesi na kuzungumza kwa sauti, Mjomba hatapata nafasi ya kuuliza kuku wenyewe wako wapi. Mpaka hapo Fundi hana haja ya kujua. Sijamdanganya, kwa kuwa hakuniuliza.

Kilichokosekana ni koti. Mwenye kiwanda huvaa koti jeupe refu. Jioni nimempelekea Fundi kitambaa. Akatoa pini zote mdomoni, akauliza koti jeupe la nini.

Nikamwambia nimeanza kusomea udaktari.

Akanitazama kidogo. Kisha macho yake yakalegea, akasema kumbe, na hukuniambia. Akachukua utepe, akanipima mabega na mikono, polepole kuliko siku zote, akasema atanishonea vizuri, mifuko miwili, na jina kifuani.